Emilia Alivyochoshwa na Washington

Emilia Chilongani hajawahi kufika hata Dar es Salaam, lakini kwa miaka minane na ushee alilazimika kujua nani anatawala Marekani, kama mkulima anavyolazimika kujua mvua zitaanza lini. Alikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii huko Mlali, wilayani Kongwa. Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia majumbani watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya ukimwi: nani hakuonekana kliniki, nani kahama, nani anaficha vidonge kwenye unga ili mume asivione. Mradi ulikuwa wa Wamarekani. Walimpa baiskeli, koti la mvua, bango kitita lenye picha za kufundishia, na baadaye kishikwambi chenye habari za wateja wake mia na kumi na wawili.

Alianza mwaka 2016. Mwaka uliofuata akaja msimamizi wake kutoka Dodoma, kijana wa Kinyakyusa aitwaye Ambokile, akiwa na gundi na karatasi nyeupe.

"Mama, fungua ukurasa wa tisa," alisema.

Ukurasa wa tisa ulikuwa na picha ya mwanamke aliyeharibikiwa na mimba, na maelezo ya mahali pa kukimbilia. Ambokile akabandika karatasi juu yake.

"Picha imekosa nini?"

"Haijakosa kitu. Wameshinda wale wa chama kingine huko kwao, nao hawapendi habari za namna hii. Hawajaukataza ukurasa huu hasa, ila ofisi haitaki matatizo."

Emilia akafunga bango lake. Mwezi ule ule binti mmoja wa kijiji cha Ibwaga alimwuliza jambo lililokuwa chini ya karatasi ile. Akamjibu kwa kichwa, bila picha, huku akiogopa kama mwizi.

Mwaka 2021 Ambokile alirudi. Wale wengine walikuwa wameshinda, kwa hiyo karatasi ibanduliwe. Walijaribu kwa maji ya uvuguvugu. Karatasi ilitoka na picha yake, ikabaki miguu ya mwanamke na kandambili zake. Hata hivyo Emilia alifurahi. Aliingia dukani kwa Habibu kununua sabuni akamtangazia, "Sasa wameingia wazuri."

Habibu ni Mrangi wa Kondoa. Amefanya biashara Mlali miaka mingi, na redio yake haizimwi tangu asubuhi.

"Mama Erica," alisema, "hao ni bega la kulia na bega la kushoto. Mwili ni mmoja."

"Wewe huna jema."

"Haya. Tutaona."

Waliendelea kubishana hivyo, kwa utani, mpaka vita vya Gaza vilipoanza. Hapo utani ukaisha. Kila Emilia akiingia, Habibu alikuwa akiongeza sauti ya redio: hospitali imepigwa, watoto wamefukiwa. Siku moja alimkazia macho. "Hawa wanaopeleka mabomu si ndio wale wazuri wako? Na wale wabaya wanasemaje? Wanasema yapelekwe zaidi. Niambie, mtu wa huko asiyetaka mabomu ampigie nani kura?"

"Mimi napeleka watu kliniki, Baba Batuli. Mabomu sipeleki."

"Najua. Lakini pesa ya baiskeli yako na pesa ya bomu zinatoka mfuko mmoja."

Emilia aliacha sabuni juu ya meza akaondoka. Nyumbani alimlalamikia mumewe, Obedi, kwamba yule Mrangi anamkera kupita kiasi. Obedi, aliyekuwa akipukuchua mahindi, aliuliza kwa upole, "Amekudanganya?" Emilia akachukua ndoo akaenda kuchota maji.

Januari 2025, katikati ya palizi, ujumbe uliingia kwenye simu: kazi zote zisimame mara moja. Chama kilikuwa kimebadilika tena. Emilia alidhani ni mambo ya karatasi nyeupe, akatafuta hata gundi. Kesho yake alipowasha kishikwambi, kilimwandikia kwamba hana ruhusa. Akaweka namba ya siri mara tatu. Hana ruhusa.

Alikwenda mbio zahanati. Muuguzi, Sista Anna, alikuwa amebaki peke yake. Karani wa takwimu, naye wa mradi, alikuwa ameambiwa asikanyage.

"Mafaili ninayo," Sista Anna alisema. "Naweza kukuambia nani hakuja. Lakini tazama walivyoandika makazi: Mlali, Mlali, Mlali. Nitampata wapi mtu?"

Makazi yalikuwa ndani ya kishikwambi: nyumba ipi, siku ipi mume yuko mnadani, jirani yupi asiulizwe kitu. Waliokataza yasiandikwe popote kwenye karatasi, kwa ajili ya usiri, ndio hao hao walioyafungia.

Wiki mbili baadaye ulikuja ujumbe mwingine. Kazi za kuokoa maisha zinaruhusiwa, rudini. Emilia akarudi. Kishikwambi kikaendelea kumkatalia. Kabla Februari haijaisha ukaja wa tatu: mradi umefutwa kabisa, vifaa virudishwe Dodoma.

"Kazi ya kuokoa maisha wameifuta," alimwambia Obedi, sauti ikimpanda. "Kwa hiyo wiki mbili hizi maisha yalikuwa ya kuokolewa, sasa si ya kuokolewa tena? Hata mtoto akicheza kombolela ana msimamo kuliko hawa!"

Alipanda basi na kishikwambi chake ndani ya kikapu. Katika ofisi ya mradi mjini, viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza. Mkurugenzi, Mmarekani aitwaye Laura aliyekaa nchini miaka sita na kujua Kiswahili vizuri, alikuwa akipokea vifaa mwenyewe, macho mekundu. Naye alikuwa amefukuzwa kazi.

"Emilia, pole sana," alisema. "Nataka ujue, mimi sikumpigia kura huyu."

Emilia alikuja akiwa amejiandaa kuwa na adabu. Neno lile lilimshinda.

"Mama Laura, nakuheshimu. Lakini kila Mmarekani ninayekutana naye hakumpigia kura. Mwaka ule wa gundi hakuna aliyempigia. Mbona anashinda? Na yule mliyempigia, mabomu ya Gaza yalipopita mikononi mwake, mlimwambia nini?"

Laura alimsogezea fomu ya kurudisha vifaa. "Ni vigumu. Tuna vyama viwili tu. Usipompa huyu, unampa yule."

"Nimeshaelewa. Ninyi mnachagua kati ya viwili. Sisi je, tunachagua nini? Mkipokezana kiti, sisi huku tunabandika. Mkipokezana tena, tunabandua. Leo mmekosana, watu wangu mia na kumi na wawili sijui walipo. Nifungulie hiki kitu dakika kumi tu, ninakili nyumba zao."

"Siwezi. Kimefungwa kutoka Washington. Hata mimi sina ruhusa."

Walitazamana, wanawake wawili wasio na ruhusa. Laura akaanza kulia. Emilia alimhurumia, na kule kumhurumia kukamzidishia hasira. Akasaini fomu, akatoka.

Nyumbani alichukua daftari la shule la binti yake Erica, akakaa chini ya paa la jiko na kuanza kukumbuka. Hakuandika majina. Aliandika namba ya kadi anayoikumbuka, au alama: mlango wa bluu kando ya korongo, mbuzi wenye kengele, mjukuu kiziwi. Siku ya kwanza aliwakumbuka arobaini na wanne. Waliobaki aliwatafuta kwa miguu, kwa sababu baiskeli nayo ilikuwa imerudishwa. Mvua zilikuwa nyingi, makorongo yamejaa, na udongo mwekundu ulimng'ang'ania visigino. Kila kijiji alimkuta mtu aliyesikia kwamba Marekani imefuta dawa, wakati dawa zilikuwepo kabatini kwa Sista Anna.

Penina wa Ihanda alikuwa mmoja wa hao. Ana watoto watatu na mume mwenye kadi kama yake. Emilia alimkuta akikata vidonge kwa kisu cha vitunguu.

"Nusu mimi, nusu baba yao," Penina alisema kwa fahari kidogo. "Nimepiga hesabu, zitafika Pasaka."

"Penina! Nusu ni sawa na kuwafundisha wadudu kupigana! Nani amekuambia zimekwisha?"

"Redio."

Emilia alikalia kinu akashika kichwa. Alitaka kumfokea mtu, lakini aliyestahili kufokewa alikuwa ng'ambo ya bahari, hajui kama kuna mahali panaitwa Ihanda. Akanyanyuka, akamshika Penina mkono. Walifika kliniki jua likiwa utosini.

Kufikia Juni alikuwa amewapata mia na saba. Watatu walikuwa wamehamia Gairo, akawapelekea salamu kwa ndugu zao. Wawili alikuta wamezikwa. Hakuna aliyeweza kumwambia kama ni kwa sababu ya kukosa vidonge au la, naye aliuliza kila mahali mpaka watu wakamwomba anyamaze. Daftari alilipeleka kwa Sista Anna, likafungiwa kwenye kabati la dawa. Halmashauri ilimtambua kama mtu wa kujitolea na kumpa fulana.

Siku alipotoka kwenye kaburi la pili alipitia kwa Habibu. Habibu alizima redio.

"Pole, Mama Erica. Ningependa niwe nimekosea."

"Nipe sukari nusu," Emilia alisema. "Na usiniambie tena habari za mabega."

Oktoba Ambokile alipiga simu, mchangamfu. Kuna mradi mpya unakuja, jina jingine, masharti mengine. Wangemhitaji kwenye mafunzo, Alhamisi ya wiki iliyofuata.

"Utaniletea barua," Emilia aliuliza, "inayosema wakipokezana tena huko kwao, mimi huku nitaendelea na watu wangu?"

"Mama, barua kama hiyo nitaitoa wapi?"

"Basi wakija, waje zahanati wamwone Sista Anna, wafuate utaratibu wetu. Mafunzo siji. Alhamisi nina kliniki."

Akakata simu. Ilikuwa Jumatano, na kuna mzee wa Ihanda alikuwa hajaonekana kwa mwezi mzima. Akavaa kandambili, akafunga khanga kiunoni, akaanza kupandisha kilima.