Mdahalo wa Paa la Shemeji

Mimi ni mtu wa mijadala. Kila asubuhi kabla ya kuingia darasani hapa Awendo napigia redio simu, nibishane na mtangazaji, na shuleni ndimi mlezi wa klabu ya mdahalo. Nimewaambia wanafunzi mpaka wamenichoka: imani isiyotaka kuulizwa maswali ina kitu inaficha. Nilikuwa nikiyasema haya nimetoa kifua, na walimu wenzangu walikuwa wakitazama saa.

Ndugu yangu alipofariki alimwacha mkewe kwa boma letu kule Homa Bay, kwenye nyumba yenye paa bovu. Mabati mapya shemeji alishayanunua mwenyewe. Yakakaa yameegemea ukuta msimu mzima wa mvua, huku akihamisha kitanda pembe hii na ile, kwa sababu kwetu paa la mjane haliguswi mpaka arithiwe na mwanamume wa ukoo. Anayeligusa kabla ya hapo anapata chira, balaa linalomkausha mtu mpaka afe, na pengine linaanzia kwa watoto wake. Shemeji naye alikataa katakata kurithiwa. Alisema hataki mume, anataka paa.

Basi nikaona siku yangu imefika. Nikaitisha mdahalo wa ukoo pale bomani, Jumapili baada ya kanisa, nikaja na filimbi na saa, kila msemaji dakika tatu. Wazee wakaniangalia kama mtu wa serikali aliyekuja kukagua choo. Upande wa mila alisimama baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, mzee asiyejua kuharakishwa. Nilimpigia filimbi mara mbili katikati ya sentensi na nikafurahi sana.

Zamu yangu ikafika. "Mjane anayepanga chumba mjini," nikauliza, "mwenye nyumba akimbadilishia mabati, nani hufa? Ama chira haina nauli ya kufika mjini?" Watu wakacheka. Nikatangaza kwamba nimeshinda, maana jaji pia nilikuwa mimi.

Shemeji, ambaye sikuwa nimempa hata dakika moja, akainua mkono.

"Shemeji, kwa hivyo chira hakuna?"

"Hakuna."

"Sawa. Ngazi ile pale. Panda."

Wacha niseme ukweli: sikupanda. Nilimfikiria kifungua mimba wangu, aliyekuwa na homa wiki hiyo. Nikafikiria ukoo mzima ukisema nimeshamrithi, na mke wangu akizipata habari hizo sokoni. Mwalimu mzima, cheti cha chuo kikuu kiko ukutani. Nikasema mdahalo ni wa kubadilishana mawazo, mambo ya utekelezaji yaachiwe kamati. Halafu, aibu yangu, nikamwambia muda wake umekwisha.

"Mimi sina mawazo ya kubadilishana," shemeji akasema. "Kwangu kunavuja."

Baba mdogo akainuka polepole.

"Hilo swali la mjane wa mjini nimelizungusha kichwani tangu uliulize," akaniambia mbele ya wote. "Sina jibu. Nimeamini hivi tangu utotoni, na hata sasa naogopa. Lakini siwezi kumwacha mtoto wa watu anyeshewe kwa sababu ya jambo nisiloweza kulieleza."

Akaijaribu ngazi kwa mguu mmoja, akapanda. Shemeji akampa nyundo. Nilimwonea wivu mzee yule, na kusema kweli nilimchukia kidogo. Hoja ilikuwa yangu, na aliyeiamini ni yeye.

Alipofika juu akaniita. "Mwalimu, nipitishie bati."

Nikamwambia nimevaa suti.

Akainama kung'oa bati la kwanza, na koti lake la kanisani, la pekee alilo nalo, lilikuwa tayari limejaa kutu kifuani.