Mwite Kwanza: Peris Nanyama wa Kamukuywa

Wanawake wa soko la Kamukuywa wana mzaha wao: ukitaka kuuza ndizi zako mapema, usikae karibu na Peris Nanyama, atakuuliza maswali mpaka wateja waende zao. Nani alijua kwanza kwamba mhogo mchungu ukilowekwa hauui? Kwa nini jogoo wa mlimani huwika akichelewa? Peris alizaliwa katika shamba la mzungu nje ya Kitale, ambako baba yake aliendesha ng'ombe wa plau. Shamba hilo lilikuwa na banda la nguruwe lenye sakafu ya saruji, lakini shule halikuwa nayo. Mimi nikilikumbuka jambo hilo, chakula hunishinda. Yeye hulisimulia akicheka, kisha anauliza kama ni kweli nguruwe huumwa na baridi.

Nilimfahamu mwaka wa 1955, nilipotoka chuo cha ualimu na kupewa darasa la pili hapa. Binti yake, Nakhungu, alikuwa mwanafunzi wangu. Ukimtuma maji, atarudi na kuku wa jirani kwapani, mtungi ameusahau mtoni. Ukimpa neno la kuandika, ataandika herufi mbili vizuri kabisa, kisha macho yake yako dirishani na mguu unapiga benchi. Hakuwa mkaidi. Alikuwa wa kwanza kulia akikosea, na wa kwanza kukosea tena. Mwalimu mkuu, Bwana Absalom, alimchapa karibu kila wiki, na kila wiki mtoto alikuwa yule yule. Nilimwambia mbele ya walimu wenzangu kwamba dawa isiyoponya hata siku moja si dawa.

"Wewe umetoka chuo juzi," akanijibu. "Wino wa cheti haujakauka."

Kisha akatoa amri. Mwisho wa muhula Nakhungu asome ukurasa mzima mbele yake na mbele ya baba yake. Akishindwa, benchi lake apewe mtoto mwingine.

Baba yake, Wabwile, alikuwa dereva wa trekta Kitale, na habari hiyo haikumsumbua. "Si kule shambani kwetu wanataka wachumaji wa maua ya pareto?" alisema. "Huko hakuna kukaa, bana. Anapenda kukimbia, akimbie na kikapu."

Peris alikuwa amechuma pareto utotoni. Alijua jinsi mikono inavyowasha mpaka ngozi ikabanduka, na alijua kwamba anayekwenda huko harudi darasani. Basi akaanza kutafuta dawa.

Kwanza alimpeleka Lugulu, kwenye zahanati ya misheni. Dresa, msaidizi wa daktari, akachungulia masikio na macho, akatoa dawa ya minyoo. "Huyu si mgonjwa, mama. Watoto wengine wako hivyo."

"Hivyo namna gani?"

Dresa alifikiri, akatikisa kichwa. Hakuwa na jibu, na Peris alimheshimu kwa kutobuni moja.

Mama mkwe wake, Kukhu, yeye alikuwa nalo. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekufa, na mtoto asipotulia wazee husema amepewa jina lisilo lake, aliyesahauliwa anamvuta. "Ni Nasambu," Kukhu alisema. "Shangazi wa mume wangu. Alitembea mpaka Uganda kwa miguu, hakuna aliyemtuma. Huyo ndiye anamsumbua mtoto."

Watu wa kanisa walinung'unika, lakini Peris alikubali. Kuku akachinjwa, mtoto akaitwa Nasambu. Kukhu akaweka sharti: ili jina lishike, anayetaka kusema naye amkaribie, amwite, angoje mpaka amwitikie akimtazama, ndipo aseme. Na akiitikia asifiwe, ili aliyekufa afurahi.

Mtoto akatulia! Maji yalifika nyumbani. Darasani aliandika mstari mzima, na mimi, ambaye siamini mambo ya mizimu, sikujua niweke wapi macho yangu. Kukhu alitembea kijijini kama aliyeshinda kesi.

Haikudumu. Watu walichoka na sharti, wakarudi kupiga kelele kutoka jikoni: "Nasambu leta kuni funga mbuzi uangalie uji!" Uji ukaungua, mbuzi akala mahindi ya jirani.

"Basi si Nasambu," Kukhu akasema. "Tutafute mwingine."

"Mayi, ngoja kidogo," Peris akamwambia kwa heshima. "Kama jina halikuwa lake, mbona zile siku alitulia?"

Swali hilo ndilo lililomleta kwangu, akiwa na kikapu cha ndizi kichwani na wazo alilotaka tulijaribu. Nyumbani alikuwa amemrudishia mtoto jina la zamani, lakini akaendelea na ile namna ya kuita. Alimkaribia, akamwita Nakhungu, akangoja macho, akasema jambo moja tu. Mtoto akalifanya. Siku nyingine akamwita Nasambu, ila kwa mbali na kwa mambo matatu pamoja. Likafanyika moja, na hilo nusu.

"Mwalimu, dawa haikuwa kwa jina," akasema. "Iko kwa kuitwa. Mimi nafikiri maneno yetu yanamfikia kama mvua, yote pamoja. Kwa darasa unamwitaje?"

Nikafikiri. Darasani humwiti mtoto, unaita darasa. Tulimhamishia benchi la mbele. Nikawa napita, namwita taratibu, nampa mstari mmoja. Akiumaliza namsifu, kisha anatoka kufuta ubao au kuleta chaki, kwa sababu miguu yake nayo ilikuwa na haki yake. Siku nyingine tulishindwa kabisa. Lakini kusoma akaanza kusoma.

Siku ya mwisho wa muhula wazazi walikaa nyuma ya darasa. Bwana Absalom hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. "Haya wewe, funga mlango, chukua kitabu mezani, fungua ukurasa wa kumi, simama wima, soma!"

Nakhungu alikwenda mlangoni. Hapo akasimama, mkono kwenye komeo, akimtazama punda aliyekuwa akijigaragaza uwanjani.

"Mmeona?" mwalimu mkuu akasema.

Peris aliinuka. "Mwalimu, tafadhali. Mwite kwanza."

"Nimemwita!"

"Umemwambia. Haujamwita."

Aliyetembea kwenda mlangoni alikuwa Wabwile, na viatu vyake vizito vya kazi vilisikika kila hatua. Sikujua anakwenda kumshika mkono waondoke kwenda Kitale, au nini. Alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Nakhungu."

Akangoja. Macho ya mtoto yalitoka kwa punda taratibu, yakafika kwake. "Baba?"

"Vizuri. Chukua kitabu."

Alikichukua. Akaitwa tena, akafungua. Akaitwa tena, akasoma. Katikati punda alilia na sauti ya mtoto ikakatika. Baba akamwita, ikaendelea mpaka nukta ya mwisho.

"Ataitwa-itwa hivi mpaka lini?" Bwana Absalom aliuliza.

"Na wewe kengele unaipiga mpaka lini, mwalimu?" Peris akajibu. "Si hawa wote wanaitwa kila siku? Huyu anataka kengele yake karibu, basi."

Mtu mmoja alicheka, nadhani ni mimi. Mwalimu mkuu alitazama kitabu, akamtazama mtoto, akasema abaki muhula mwingine, waone. Wabwile alipanda lori la Kitale peke yake.

Kukhu hadi leo anadai Nasambu ndiye aliyesaidia, na mtoto huitikia majina yote mawili. Jana Peris alinisimamisha njiani. Nakhungu, akasema, akipanda mpera hukaa juu kimya mchana mzima akitazama chungu wakibeba mayai yao, wala hakuna aliyemwita.

"Sasa hiyo ni nini, mwalimu?"

Sijui. Jumamosi tunakwenda kuutazama huo mti.