Mlungu wa Tatu Alikufaje

Praxeda, mke wa Laurenti mkata mkonge, hakuwa mtu wa maneno mengi. Walitoka Ungoni na lori la manamba, vibarua wa mkataba, wakapewa chumba kwenye kambi ya shamba moja upande wa Maramba. Huko ndiko walikomzaa Kristina, na huko ndiko walikomzika. Homa ilimchukua mtoto akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Watu walikaa matanga, wakalia, wakarudi kazini. Padri alipopita katika ziara zake alimwambia Praxeda kuwa hayo ni mapenzi ya Mungu, naye akaitika, "Ndiyo, Baba," kwa kuwa padri hajibiwi vingine. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kanisani aliendelea kupiga magoti, ila ni magoti tu yaliyokuwa yanasali.

Kazi yake ilikuwa kuanika singa. Nyuzi za mkonge zikitoka korona, kwenye mashine, huwa mbichi na zinanuka vibaya, na wanawake huzitandaza juu ya waya mpaka zikauke na kuwa nyeupe. Kwa mtu mwenye msiba kazi ile ni adui, maana mikono inakwenda yenyewe na kichwa kinabaki bure. Ndiyo maana kila Jumapili alasiri alijikokota hadi nyuma ya korona, kwa Mzee Idarusi.

Mzee Idarusi alikuwa Mdigo wa kwao Horohoro, kazi yake kutia mashine mafuta. Alikuwa na hadithi isiyokwisha, ya nchi moja yenye kilima, na juu ya kilima wanakaa walungu saba. Kwa Kidigo Mlungu ndiye Mungu. Lakini "walungu" ni neno ambalo hakuna Mdigo aliyepata kulisikia, kwani mzee alilitunga mwenyewe.

"Mwenyezi Mungu ni mmoja, hana wingi," alikuwa akisema. "Mie nikitamka miungu ulimi utanikauka. Hawa wangu ni walungu tu, viumbe wa hadithi. Wacheke, wagombane, wafe, Mola wangu hayumo."

Walungu hawakuzeeka, hawakutoka jasho, panga halikuwakata, na moto waliuoga. Sasa asubuhi moja wa tatu wao akakutwa kitandani amekufa, hana jeraha, mdomo wazi. Alikufaje? Hapo mzee akanyamaza, akawaachia watu, na kambi nzima ikashikwa na wazimu. Watu walibishana kwenye foleni ya posho, walibishana shambani miiba ikiwachoma. Sadalla, dereva wa trekta, alishikilia kwamba alizamishwa, kwa sababu hakuna mahali palipotajwa kuwa walungu wanajua kuogelea. Wengine waliapa kuwa wenzake ndio waliommaliza wakigombea kilima. Palikuwa na kundi lililosema binadamu alimtemea mate chakulani. Yupo hata aliyedai kwamba mlungu hafi, anajivua ngozi tu. Huyo alizomewa mpaka akahamia jiko jingine. Mzee alizisikiliza hoja zote na kuzipangua kwa raha zake. "Wewe Sadalla, mlungu wa pili si aliwahi kuanguka baharini akatoka mzima? Ulikuwa umelala?"

Praxeda alisikiliza tu. Pale palikuwa mahali pekee duniani ambapo aliweza kukaa na watu na kutamani kifo cha aliye juu bila kulazimika kwenda kuungama. Alikuwa na hasira, na hakuwa na pengine pa kuiweka.

Jumapili moja akafungua kinywa.

"Shikamoo, mzee. Mimi najua alivyokufa."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tupe."

"Hawana watoto, wewe mwenyewe ulisema. Basi apewe mtoto. Amzoee, amshike mikono akijifunza kutembea, halafu anyang'anywe. Atakufa bila jeraha. Na mdomo utabaki wazi."

Hakuna aliyecheka. Sadalla alitazama viatu vyake.

"Hiyo sikuwa nayo," mzee alisema polepole. "Wallahi, ni hiyo hiyo."

Na watu walivyo, wakishapata jibu hawajui kutulia nalo. Wakaanza kupiga makelele kwa furaha: walungu wote wapewe watoto, wote wanyang'anywe, wataisha!

Karani Abrahamu alikuwa anapita. Huyu alikuwa mtu wa bara, msomaji wa sala katika kikanisa cha kambi, hadithi za nyuma ya korona hakuzikaribia, na Kidigo hakujua hata cha kuombea maji. Walungu? Sikio lake lilisikia wazungu. Wazungu wanyang'anywe watoto. Mwaka wenyewe ulikuwa wa hamsini na tatu, habari za Maumau zinavuka mpaka kila kukicha, na pale nyumba kubwa meneja alikuwa na binti mdogo. Kusikia vibaya simlaumu, masikio ni masikio. Namlaumu kwa kukimbilia kwa meneja kabla ya kuuliza.

Jumatatu Mzee Idarusi akaitwa ofisini. Amri ikatoka: aondoke na lori la mchana, arudishwe Horohoro, na polisi wa mpakani wapewe jina lake. Mwaka ule kila mtu alijua jina la mtu likifika kwa polisi kwa habari kama hiyo hutokea nini.

"Wewe kaa kimya," Laurenti alimwambia mkewe. "Hawajakutaja."

Praxeda akajifunga kanga, akaenda.

Kiswahili cha meneja kilikuwa cha kuamrishia tu, hivyo Abrahamu ndiye aliyetafsiri.

"Maneno yale yalikuwa yangu, si ya mzee," Praxeda alisema. "Na sikusema wazungu. Nilisema walungu."

"Walungu ni kina nani?" Abrahamu aliuliza.

"Wanakaa juu ya kilima. Hawatoki jasho. Hawalimi, na wanakula..." Akajisikia mwenyewe. Dirishani nyumba ya meneja ilionekana juu ya kilima chake, bati likimeta. Abrahamu akatafsiri, na uso wa meneja ukazidi kuwa mwekundu. Praxeda akatambua kuwa kila anachosema kinamchimbia mzee kaburi.

"Basi ulitaka nani anyang'anywe mtoto?"

Angeweza kusema hajui, akatoka zake.

"Mungu," alisema. "Huyu wetu wa kanisani. Alinichukulia Kristina wangu. Nilitaka na yeye aonje. Nilitaka afe. Mwambie bwana hivyo. Mtoto wake simtaki."

Abrahamu alifanya ishara ya msalaba. "Hilo silitamki kwa kinywa changu."

"Litamke, Bwana Karani, nakuomba. Ndilo litakalomwokoa mzee."

Abrahamu akamgeukia meneja, akasema maneno machache ya Kiingereza. Praxeda hakujua ni maneno gani, na hakuja kuyajua. Meneja alipunga mkono kama anayefukuza inzi. Amri ikabaki ile ile.

Nje, Mzee Idarusi alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya dirisha, furushi lake miguuni. Praxeda akaketi kando yake.

"Mzee, nimewaambia kweli yote."

"Nimesikia." Hakumtazama. "Mama Kristina, mie nilitunga neno zima ili hadithi isimguse Yeye. Bora ungeniacha nifungwe kwa ajili ya wazungu."

Akasogea hadi mwisho wa benchi, akavuta kanzu yake isiguse kanga ya Praxeda. Lori lilipofika akapanda bila kuaga.

Mchana ule habari zilikuwa zimeshaenea, na wanawake walioanika naye walikuwa wamehamia waya mwingine. Jioni Laurenti alirudi na habari kwamba karani amemkataza Praxeda kukanyaga kanisani. Akamkuta mkewe amekaa sakafuni, jiko halijawashwa.

"Ni kweli ulisema vile?"

"Kweli."

Laurenti aliweka panga lake chini, akakaa karibu naye.

"Mimi pia nimemtakia hivyo hivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu siku ile tulipomzika."

Praxeda akamgeukia. Kumbe muda wote ule walilala kitanda kimoja, kila mmoja na lake, na yeye akaenda kutafuta wa kumsikiliza nyuma ya korona. Alitaka kumuuliza kwa nini hakusema. Lakini Laurenti alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kufunga mlango, mtu asije akawasikia.