Ubao Mgumu wa Zenzi

Kaka yangu Wendelin alizijua mbao za kuteleza kwenye theluji kuliko mtu yeyote bondeni kwetu. Sisemi hivyo kwa kuwa tumezaliwa tumbo moja. Mimi niliishia darasa la nane, lakini kumbukumbu yangu haina tundu, na habari hii watu huisimulia vibaya.

Alikodisha mbao katika zizi la zamani la baba, pale inapoanzia lifti ya kupandisha watelezaji mlimani. Hakujali rangi wala michoro. Aliusimamisha ubao, akashika ncha ya juu, akaukandamiza katikati kwa goti aone unavyopinda. Unaopinda upesi ni wa anayejifunza. Mgumu ni wa mbio, hautetemeki kwenye kasi. Ila ukikosa uzito wa kuukunja haukusikilizi, unakwenda unakotaka.

"Mbona wanipa wa kitoto?" mgeni mmoja wa Vienna alinung'unika.

"Ukunje huu wa wakubwa mbele yangu, ndipo uondoke nao," Wendelin alimjibu.

Mgeni alijaribu mpaka akatoka jasho, akachukua wa kitoto.

Wendelin alikuwa na binti mmoja, Kreszenz, tukimwita Zenzi. Mama yake alifariki mapema, tukamlea sisi wawili. Mwaka wa tisini na nne alikuwa na miaka kumi na sita, kilo arobaini na saba pamoja na mabuti, na wateuzi wa timu ya mkoa walikuwa wanakuja. Hakuna alichokitaka duniani zaidi ya kuingia timu hiyo. Baba yake akamwagizia ubao mpya wa mbio, akaukandamiza jikoni kwangu.

"Huu unapinda vizuri," alisema.

"Baba, kwangu ni mgumu kama mlango wa kanisa."

"Utauzoea."

"Shangazi, mwambie."

Nikacheka. "Binti wa Wendelin anaogopa ubao? Bonde zima litatucheka."

Neno hilo lilitoka kinywani mwangu, na Zenzi akauchukua ubao.

Wendelin alikuwa na kilo tisini na nane. Wageni aliwauliza kilo zao kabla ya majina. Mwanawe hakumuuliza, alimpimia kwa goti lake mwenyewe.

Asubuhi ya majaribio theluji ilikuwa imeganda. Kwenye mlingoti wa nne kati ya ile ya kuzungukwa mbioni, Zenzi alijilaza ageuke, ubao haukukunjika, ukamchukua moja kwa moja hadi kwenye misonobari. Alipona, lakini mguu wa kulia ukabaki mfupi.

"Ni barafu, baba, si wewe," alimwambia hospitalini.

Wendelin alilifunga zizi majira yale yale. Zenzi alihamia Graz, akawa fundi wa miwani, na kila Krismasi alipokuja, baba yake alikuwa na kuni za kupasua tangu asubuhi mpaka basi lake liondoke. Hakuweza kumtazama akitembea. Miaka ishirini na sita ilipita hivyo, kisha moyo wa Wendelin ukasimama, mwezi wa Machi.

Tulipomaliza kumzika, Zenzi alibaki kaburini nami.

"Shangazi, mguu nilimsamehe nikiwa bado kitandani," alisema. "Kunikimbia ndiko sijamsamehe. Nilitaka nimwambie Krismasi ijayo, hata kama ni kwa kumfuata kwenye kuni zake. Sasa nimwambie nani?"

Nilimshika mkono, tukateremka kwa mwendo wake.