Mafuta ya Midomo ya Mama

Juzi sokoni Kitengela mwanamke mmoja alinifungulia kopo la mafuta ya midomo ninuse. Harufu ya nta ya nyuki ikanirudisha jikoni kwetu Kisaju.

Mama alikuwa mgonjwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka hata hakuweza kuongea bila kutoka damu. Nyanya aliyeyusha nta kwenye sufuria, akatia mafuta ya kondoo na ute wa mshubiri, nami nikakoroga. Moshi uliniuma macho lakini sikuacha, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kusikia sauti ya Mama.

Mafuta yalipopoa, nilimpaka Mama midomoni kwa kidole.

"Asante, mtoto wangu," alisema polepole. Kisha akamtazama nyanya. "Mama, huyu uende naye kwako Illasit kesho."

"Si ungoje kwanza upate nafuu?" nyanya akauliza.

"Nenda naye. Sitaki aone mwisho wangu."

 Nyanya alianza kukunja nguo zangu.

Asubuhi nilienda kumuaga Mama. Alikuwa amegeukia ukuta, na nilijua hajalala, kwa sababu mabega yake yalikuwa yakitetemeka. Nyanya akanishika mkono, tukaenda.