Mnyororo Nilioudai Mwenyewe

Hawa watu wa maegesho hapa Dodoma wamenichosha! Juzi nimesimama kidogo kununua soda za wageni, natoka dukani nakuta pikapu yangu imefungwa mnyororo gurudumuni. Ubavuni kwake kuna gari jeusi linang'aa, limeegeshwa palepale pasiporuhusiwa, wala halijaguswa.

"Na hili je?" nikamfokea dada mwenye minyororo.

"Baba, hao ni wageni kutoka Kondoa. Wameingia mara moja kununua zawadi ya ukweni."

"Kwani mimi soda hizi nakwenda kunywa peke yangu? Funga!"

Sikubanduka mpaka likafungwa. Mwenye gari, mzee wa kanzu nyeupe, akatoka dukani akinisihi nimwache aende. Nikapaza sauti mtaa mzima usikie: "Sheria ni msumeno!"

Nikarudi nyumbani kwa bodaboda, kifua mbele, kuwasubiri washenga wanaokuja kumposa binti yangu. Wakachelewa mno. Nikamwambia mke wangu watu wa siku hizi hawana adabu.

Hodi ikapigwa, akafungua. Aliyetangulia kuingia, kanzu imejaa vumbi la bodaboda, ni yule mzee. Akanitazama weee, kisha akamgeukia mke wangu.

"Mama, utusamehe kwa kuchelewa. Sababu muulize mumeo."