Karata za Mwanahija

Siku ya tatu baada ya arubaini ya Mwanahija, mdogo wake Arafa alikuja kutoka Fukayosi kugawa nguo za marehemu. Mwinshehe, mume aliyefiwa, alimfungulia sanduku, akakaa mkekani. Alikaa na mwanamke yule miaka arobaini na moja, na vyote alivyoacha vimeenea sanduku moja.

Kanga zikatoka mbili mbili. Chini kabisa kulikuwa na kitu kimefungwa kitambaa. Arafa akakifungua, akaona karata, kubwa kuliko za kuchezea, zina picha. Ya juu ilikuwa mifupa ya mtu imepanda farasi. Akazitua chini upesi, akafuta vidole kwenye kanga aliyovaa.

"Shemeji, dada yangu alikuwa anapiga ramli?"

Mwinshehe akasema hapana. Akaeleza kwa maneno machache, kama kawaida yake. Zamani Mwanahija alipokuwa akifua mashuka kwenye nyumba ya wageni, mgeni mmoja alizisahau chini ya mto, na mwenye nyumba akasema zitupwe. Mwanahija hakuzitupa. Maandishi ya karata hakuyajua, hata yangekuwa ya Kiswahili asingeyajua, basi akatazama nyuso. Kila uso akaupa mtu wa hadithi zake, zile alizotunga mwenyewe. Alasiri wanawake wa hapa Dunda walikuja uani kusuka ukili wa mikeka. Mmoja anachomoa karata, Mwanahija anasimulia habari za huyo aliyetoka, mpaka ukili wa aliyechomoa ufike pima moja. Ukifika pima, hadithi inakatwa hapo hapo, hata kama mtu yuko mdomoni mwa simba. Ya kesho ni kesho.

Arafa akasikiliza. Akasema huenda ni hivyo, lakini watu wanasema vingine. Siku ya mazishi wapo walioitikia dua kwa midomo tu, na maneno yamefika mpaka Fukayosi kwamba Mwanahija kafa na ramli ndani. Yeye anataka zichomwe leo, watu waone, jina la dada yake lisafike.

"Ukizichoma ndiyo umewaambia ni kweli," Mwinshehe akasema. "Hawa ni watu wa hadithi."

Arafa akamwita Mwanabaraka, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyesuka ukili uani pale miaka sita. Akamuuliza. Mwanabaraka akatazama karata, akatazama mlango uliokuwa wazi. Kichochoroni walisimama watu, na binti yake alikuwa ameposwa juzi tu. Akasema yeye alikuja kusuka, mambo ya picha hayajui.

Mwinshehe akamkazia macho. Mwanabaraka hakuinua yake. Akaaga, akatoka.

"Basi nisimulie wewe," Arafa akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Moja tu. Nikiisikia, kila atakayeniuliza nitamjibu."

Mwinshehe akazipanga mkekani. Majina alikuwa nayo. Huyu aliyening'inizwa mguu mmoja, kichwa chini, ni Sefu Mkaidi. Huyu mwanamke anayemfumba simba mdomo ni Binti Kigego. Huyu wa mifupa ni Karani, hapigi hodi.

"Sefu alifanya nini hata akaning'inizwa?"

Hapo akakwama. Majina aliyapata kwa kuyasikia yakiitwa. Hadithi zenyewe zilisimuliwa uani, na yeye alasiri zote hizo alikuwa barazani kwenye bao, akisema hizo ni porojo za wanawake. Akajaribu. Akasema Sefu aliiba, halafu akasema hapana, aliibiwa. Arafa akaokota karata ya mzee wa kanzu ndefu, yuko peke yake, ameshika taa.

"Na huyu?"

"Huyu dada yako alisema ni mimi."

"Anatafuta nini na taa?"

Mwinshehe hakuwahi kuuliza. Alikumbuka mkewe akimwonyesha, anacheka, anamwambia kaa basi nikusimulie, na yeye anavaa kofia atoke.

"Chukua," akasema.

Zikachomwa uani, mchana kweupe. Zilikuwa ngumu, hazikushika moto mpaka zilipomwagiwa mafuta ya taa. Alasiri msikitini watu walimpa mkono vizuri, na wawili wakamwombea marehemu kwa sauti. Mwinshehe akaitikia amina.

Aliporudi alimkuta Mwanabaraka mlangoni na bakuli la mihogo ya nazi. Akamwamkia shikamoo, Mwinshehe akaitikia marahaba. Mwanabaraka akasema kwa sauti ya chini kwamba mchana aliwasikia ukutani, na yule mzee mwenye taa anamjua, mwanzo mpaka mwisho, na kama atasamehewa ataingia amsimulie.

Mwinshehe alitaka kusema ingia. Neno lilishafika ulimini.

"Msimulie Arafa," akasema. "Yumo ndani anafunga mizigo. Sema mbele yake, na mlango uwe wazi."

Mwanabaraka akatazama kichochoro. Akatua bakuli kizingitini, akaenda zake.